Michael Wood: Daktari aliyeitumia redio na ndege kuwafikisha mahututi hospitalini

Mgonjwa akizidiwa Nshamba, ndugu huanza na swali moja: apelekwe wapi? Kwa wengi jibu la kwanza ni Hospitali ya Rubya. Hali ikigoma hapo, huandikwa rufaa ya kwenda Bukoba, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikigoma Bukoba, safari inakuwa ya Bugando, jijini Mwanza, upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Kila hatua ina gari lake, wahudumu wake na hatari yake. Wapo wanaopoteza maisha ilhali hospitali mbili zipo, moja nyuma yao na nyingine mbele yao.

Kumtoa mgonjwa mahututi hospitali moja na kumfikisha nyingine akiwa hai ni kazi ya utabibu, yenye kanuni zake. Katika Afrika Mashariki, mtu ambaye jina lake limefungamana na kazi hiyo ni Dkt. Michael Wood, daktari bingwa wa upasuaji aliyefariki mwaka 1987. Wengi wamesikia habari za madaktari warukao, lakini wachache wanamjua mtu aliyekuwa nyuma ya huduma hiyo. Katika makala hii tunaeleza maisha yake, kisha tunaangalia ni yapi katika kazi yake yanamhusu mgonjwa wa Muleba leo.

Alitoka wapi?

Arthur Michael Wood alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Alisoma katika shule ya Winchester, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Ujana wake wa kitabibu uliangukia miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakati hospitali za London zilipokuwa zikipokea majeruhi wa mabomu.

Mwaka 1943 alimwoa Susan Buxton. Mama huyu hakuwa mgeni wa Afrika: alizaliwa Kongo, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari. Mwaka 1947 familia ilihamia Kenya, na Wood akaanza kazi ya upasuaji Nairobi.

Kenya na Tanganyika za wakati ule zilikuwa na madaktari wachache mno, na karibu wote walikaa mijini. Kwa hesabu ambayo shirika lake lilikuja kuitaja mara nyingi, Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000, wakati Uingereza ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 1,000. Vijijini kulikuwa na hospitali za misheni. Mara nyingi hospitali nzima ilimtegemea daktari mmoja na masista kadhaa, na mahali pengine hakukuwa na daktari kabisa, bali muuguzi au mganga msaidizi.

Daktari wa upasuaji mjini aliwaona wagonjwa hao mwisho wa safari. Mtoto aliyeungua motoni aliletwa baada ya wiki kadhaa, ngozi imeshajikunja na mkono haunyooki. Mama aliyeshindwa kujifungua aliletwa baada ya kubebwa kwa machela na kupanda lori. Wengi waliokuwa na hali mbaya zaidi hawakuonekana kabisa, kwa sababu hawakufika.

Mlima Kilimanjaro na madaktari watatu

Mwaka 1954 Wood alirudi Uingereza kwa muda kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyejipatia sifa kubwa wakati wa vita kwa kuwatibu marubani walioungua nyuso na mikono, katika hospitali ya East Grinstead. Mwanafunzi mwingine wa McIndoe alikuwa Mmarekani, Thomas Rees wa New York.

McIndoe naye aliipenda Afrika Mashariki akanunua shamba upande wa Kilimanjaro. Familia ya Wood ilikuwa na shamba Ol Molog, kwenye miteremko ya mlima huohuo. Ndiko madaktari hao watatu walikokutana mwaka 1956 wakajadili jambo lililokuwa likiwasumbua: kama mgonjwa hawezi kufika kwa daktari, daktari afanyeje amfikie mgonjwa?

Jibu lao lilikuwa ndege ndogo pamoja na redio. Mwaka 1957 walianzisha huduma ya madaktari warukao wa Afrika Mashariki. Huduma hiyo ilikua ikawa shirika la AMREF, ambalo leo linaitwa Amref Health Africa. McIndoe alifariki mwaka 1960, shirika likiwa bado changa. Rees aliendelea kulisaidia kutoka Marekani, ambako mtangazaji maarufu wa redio na televisheni, Arthur Godfrey, alikuwa mmoja wa waliosaidia mapema. Lakini kazi ya kila siku ilimwangukia Wood.

Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa kwingine. Australia, mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya kwanza ya daktari wa ndege mwaka 1928 katika mji mdogo wa Cloncurry. Mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedeli kama baiskeli, ili watu wa mashambani waweze kumwita daktari. Tukirudi nyuma zaidi, katika vita vya Ufaransa vya miaka ya 1790, daktari Dominique-Jean Larrey alibuni magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi vitani mapigano yakiwa bado yanaendelea, badala ya kungoja yaishe. Wote watatu walikabili adui mmoja, yaani muda kati ya kuumia na kutibiwa.

Daktari anayeshika usukani

Wood alijifunza kurusha ndege akiwa mtu mzima mwenye familia na kazi nyingi. Ndege ikawa usafiri wake kati ya shamba na Nairobi, na pia njia ya kuzifikia hospitali za misheni. Kwa daktari wa upasuaji, faida yake ilikuwa kubwa. Safari ya siku mbili kwa gari, kwenye barabara za udongo, ilikuwa ya saa chache angani.

Kazi ilikuwa ya aina mbili, na ni vyema tuzitenganishe kwa sababu mara nyingi huchanganywa.

Aina ya kwanza ilikuwa kumpeleka bingwa kwa wagonjwa. Wood alituma taarifa mapema, hospitali ya kijijini ikawakusanya wagonjwa waliohitaji upasuaji, naye akatua na vifaa vyake na kufanya kazi kutwa. Walikuwapo watoto wenye midomo ya sungura, watu waliokunjamana viungo kwa kuungua, na wengine walioharibiwa mikono na ukoma. Daktari na wauguzi wa hospitali hiyo walisimama naye mezani wakijifunza. Kwa njia hiyo wagonjwa wengi hawakuhitaji kuhamishwa kabisa.

Aina ya pili ilikuwa kumchukua mahututi na kumpeleka kwenye hospitali kubwa. Hii ndiyo iliyovuta wapiga picha, lakini ndiyo yenye hatari nyingi zaidi, na ndiyo iliyohitaji nidhamu kubwa.

Redio kabla ya ndege

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunavutiwa hasa na sehemu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika la Wood lilianza kujenga mtandao wa redio za mawasiliano kati ya Nairobi na hospitali za mbali. Zilikuwa redio za kusema na kujibu. Muuguzi aliyekuwa peke yake na mgonjwa mwenye hali mbaya aliweza kueleza anachokiona: mapigo ya moyo, homa, damu inayotoka, muda tangu uchungu uanze. Upande wa pili daktari aliuliza maswali na kushauri.

Mazungumzo hayo yalikuwa na kazi tatu. Kwanza, yaliamua kama mgonjwa anahitaji kuhamishwa au anaweza kutibiwa palepale kwa maelekezo. Pili, kama anahamishwa, yalimwambia muuguzi la kufanya wakati ndege inakuja: funga mfupa, weka dripu, zuia damu, usimpe chakula. Tatu, yaliiwezesha hospitali inayopokea kujiandaa, ili mgonjwa asifike na kukuta chumba cha upasuaji kimefungwa.

Wataalamu wa leo wanaofundisha uhamishaji wa wagonjwa mahututi huanza na mambo hayohayo matatu. Vifaa vimebadilika sana, na simu ya mkononi imechukua nafasi ya redio, lakini mpangilio ni uleule. Mawasiliano hutangulia chombo cha usafiri. Gari au ndege iliyoondoka bila upande wa pili kujua huwa inauhamisha tu ugonjwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Kwa nini safari yenyewe ni hatari?

Tunaulizwa mara kwa mara kwa nini mgonjwa aliyekuwa akizungumza wodini azidiwe garini. Sababu ziko kadhaa.

Mtikisiko na kufunga breki huusumbua mzunguko wa damu wa mtu ambaye tayari shinikizo lake la damu liko chini. Mrija wa hewa, dripu au mpira wa mkojo unaweza kuchomoka kwenye shimo moja la barabara. Baridi humwathiri mgonjwa aliyepoteza damu, kwa sababu mwili wa baridi hauwezi kugandisha damu vizuri. Aliyevunjika mfupa bila kufungwa vizuri huendelea kuvuja damu ndani kila gari linaporuka.

Oksijeni ni hesabu. Mtungi wenye lita 680, ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika, utakwisha baada ya dakika 68. Kwa safari ya saa mbili, mtungi huo utamwacha mgonjwa katikati ya njia. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kubeba karibu mara mbili ya kiasi kinachohitajika kwa muda wa safari, kwani pancha na foleni havitoi taarifa.

Ndege nayo ina masharti yake. Kadiri inavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na mgonjwa hupata oksijeni pungufu. Hewa iliyonaswa ndani ya mwili hutanuka. Mtu aliyepigwa kifuani akawa na hewa nje ya pafu anaweza kubanwa na kufa angani, asipowekewa mrija wa kuitoa kabla ya kuruka. Ndege ndogo za enzi za Wood hazikuwa na vyumba vya kudhibiti shinikizo la hewa, kwa hiyo ilibidi rubani achague urefu wa kuruka akimfikiria mgonjwa aliyelala nyuma yake. Viwanja vingi vya vijijini havikuwa na taa, hivyo safari nyingi zililazimika kungoja mapambazuko. Katika saa hizo za kungoja, uhai wa mgonjwa ulikuwa mikononi mwa muuguzi na redio yake.

Wood alibadilika

Maisha ya Wood yangeweza kuishia kwenye sifa za ushujaa wa angani. Lakini kadiri miaka ilivyopita, yeye na wenzake waliona kwamba ndege peke yake haitoshi. Kila mgonjwa aliyeokolewa kwa ndege aliwakilisha wengine wengi wenye ugonjwa uleule ambao hawakuitwa wala kufikiwa. Tena wengi wao waliugua maradhi yanayozuilika.

Katika miaka ya 1970 na kuendelea, AMREF ilielekeza nguvu zaidi katika kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini, kuandaa vitabu vya mafunzo, chanjo, maji safi na afya ya mama na mtoto. Daktari Anne Spoerry, aliyejiunga na Wood katika miaka ya 1960 na kujulikana kama Mama Daktari, aliruka mwenyewe kwenda kaskazini mwa Kenya na Lamu, akifanya kliniki na kutoa chanjo hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1999.

Wood na mkewe walikuwa pia wanachama wa Capricorn Africa Society, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi na kutaka watu wa rangi zote wajenge nchi kwa pamoja, wakati walowezi wengi hawakutaka kusikia hayo. Hata hivyo walikuwa sehemu ya jamii ya walowezi wenye mashamba. Tanzania ilipotaifisha mashamba makubwa, familia yao nayo iliondoka Kilimanjaro ikarudi Nairobi. Huko, mwaka 1975, Susan alianzisha karakana ya shanga za udongo ya Kazuri, ambayo imewaajiri kina mama wengi hadi leo.

Mwaka 1985 Wood alitunukiwa hadhi ya Sir na serikali ya Uingereza. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 67, alishirikiana na David Campbell kuanzisha FARM-Africa, shirika la kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji. Mtu aliyeanza kwa kuziba majeraha alimalizia kwenye chakula, akiamini kwamba familia isiyo na chakula haiwezi kuwa na afya. Alifariki Mei 1987 akiwa na umri wa miaka 69.

Yanamhusuje mtu wa Nshamba?

Wilaya ya Muleba ina vijiji vya milimani na ina visiwa ndani ya ziwa. Mgonjwa wa kisiwani huanza safari kwa mtumbwi au boti, na upepo wa ziwa ndio unaoamua. Mgonjwa wa nchi kavu huanza kwa pikipiki au kwa mabega ya majirani hadi barabarani. Kwa anayeandikiwa rufaa ya Mwanza, barabara inazunguka ziwa kupitia Biharamulo na Geita. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa lililazimika kungoja kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa kusubiri huko. Hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa Chato nayo imesogeza huduma za kibingwa upande huu wa ziwa.

Kwa mama mjamzito, aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga, kuna mfumo wa m-mama unaopatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mhudumu anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, huamua kituo cha kumpeleka, hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humwita dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Anayeifahamu kazi ya Wood ataona undugu uliopo: mtu mmoja kwenye mawasiliano, maswali kwanza, kisha chombo, na upande wa pili ukijua nani anakuja.

Matibabu pia hayasubiri safari. Mwongozo wa malaria kali unataka mtoto apewe dozi ya kwanza ya artesunate kabla ya kupelekwa hospitali, na hilo lina uzito katika wilaya inayoijua malaria kama Muleba. Mama mwenye kifafa cha mimba apewe magnesium sulphate kwanza. Anayevuja damu baada ya kujifungua apewe dawa ya kukaza mfuko wa uzazi na awekewe dripu. Mjamzito asafiri amelala ubavu wa kushoto, na aliyeumia kichwa ainuliwe kichwa kidogo bila kupindwa shingo. Dakika 20 za kumtuliza mgonjwa kituoni zinaweza kuwa na thamani kuliko dakika 20 za kukimbiza gari.

Ndugu wa mgonjwa nao wana nafasi yao. Kabla gari halijaondoka, ni haki yao kuuliza kwa heshima:

- Hospitali tunayokwenda imepigiwa simu, na nani anatupokea?
- Muuguzi au mganga gani anasafiri naye nyuma ya gari?
- Oksijeni inatosha safari nzima?
- Barua ya rufaa inaonyesha dawa alizopewa na saa alizopewa?
- Je, atahitaji damu, na nani kati yetu anaweza kwenda kuchangia?

Wahudumu wengi hufurahi kuulizwa, kwa sababu maswali hayo huwakumbusha jambo ambalo haraka ingeweza kulisahaulisha. Na pale jibu la swali la kwanza linapokuwa hapana, simu ipigwe kabla ya injini kuwashwa.

Shirika lililozaliwa Kilimanjaro bado linarusha ndege za wagonjwa kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, zikiwa na vifaa ambavyo Wood hakuwahi kuvishika. Wagonjwa wengi wa Kagera hawatapanda ndege hizo. Watakwenda kwa gari, pikipiki au boti. Kwao, sehemu ya kazi ya Wood inayofaa kuigwa ni ile iliyofanyika kabla ya rubani kuitwa, pale muuguzi aliposhika redio na kueleza hali ya mgonjwa wake.